Visu Nilivyoweka Amana

Mimi maisha yangu ni kukata. Embe mbichi, ndimu, karoti, pilipili ndefu: ndiyo achari hiyo, na achari ndiyo iliyonilisha tangu mume wangu afariki. Kwa hivyo nikikwambia niliishi miezi mitano na zaidi katika nyumba isiyokuwa na hata kisu kimoja, jua haikuwa kwa kupenda. Ndimu nilizipasua kwa meno. Kitunguu nilikiponda kwa mchi mpaka kikakata roho. Samaki nilimnunua akiwa vipande, kuku vilevile, na embe nilizikatisha Marikiti kwa mwanamke mmoja ambaye kila siku aliniuliza, "Leo pia, mama? Kwani mikono yako imefanya nini?" Nikamwambia ni baridi yabisi. Mungu anisamehe, mikono yangu mizima kama ya msichana.

Sababu ilikuwa ndugu yangu. Ndiye kitinda mimba wetu, nimempita miaka kumi na mmoja, nimembeba mgongoni. Alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache na hesabu nyingi kichwani. Kazi ilipokatika alirudi mtaani kwetu Kuze kukaa nami katika nyumba ya wazazi wetu, chumba cha chini, ambacho ukuta wake mmoja ni ukuta wa duka la jirani. Jirani huyo ni muuza viungo, Muhindi, Mwislamu mwenzetu; babu yake na babu yangu waliswali safu moja. Nyuma ya duka ana mashine ya kusagia. Akisaga pilipili mtaa mzima hupiga chafya, na watu humtukana kwa mapenzi. Viungo vyangu vyote vya achari hutoka kwake, na kila akishanipimia huongeza konzi moja juu.

Basi ndugu yangu akaanza kuusikiliza ukuta. Mwanzo sikutia maanani. Mtu aliyezoea kelele za bandari akikaa kimya nyumbani, lazima atafute kelele. Siku moja akaniambia, "Dada, mashine ile yanitaja jina."

"Jina lako zuri," nikamwambia, "liache litajwe."

Hakucheka. Ndipo nilipomtazama vizuri, nikamwona amekonda, na ndevu zimemjaa, yeye ambaye hakosi kinyozi. Mashine ilimtaja jina, akasema, kisha ikataja madhambi yake, moja baada ya moja, na mtaa mzima ukasikia. Jirani ndiye aliyeifundisha. Akaacha kula achari yangu kwa kuwa bizari imetoka huko. Akaacha na chai, kwa sababu ya iliki.

Nilimpeleka kwa mwalimu mmoja mcha Mungu hapo mtaani. Akamsomea, akampa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Tulipokuwa tukiondoka mwalimu aliniita kando. "Kisomo tutaendelea nacho, bibi," akasema, "lakini huyu mpeleke na hospitali. Maji haya hayagombani na vidonge." Nikaitikia naam, naam. Sikumpeleka. Nani anataka kuonekana amekaa kwenye benchi lile la wagonjwa wa akili?

Mpaka asubuhi moja tukiwa tunakula mahamri na mbaazi, akamega, akachovya, akasema, "Dada, mimi nitamuua yule."

Alisema vile mtu anavyosema leo nitakwenda kunyoa. Nikamwambia, "Audhubillahi! Funga mdomo wako!" Wala hakuufunga. Akaniambia atatumia kisu changu kikubwa cha embe. Atamngoja baada ya swala ya alasiri, pale jirani anaporudi kutoka msikitini kabla ya wateja, duka likiwa tupu. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu, na hata hamri alilimaliza. Niliondoa sahani, nikavaa buibui langu, nikamwambia twende nikaangaliwe presha. Alinisindikiza mwenyewe, maskini, akanishika mkono kwenye barabara kuu nisigongwe.

Pale hospitali tulipokewa na sista wa wagonjwa wa akili, mwanamke wa bara, msalaba mdogo shingoni. Sisi huku, mtu akija wamuuliza hali yake, ya watoto, ya walioko na wasiokuweko, ndipo mfike kwenye shida. Yeye alisema "Karibuni" basi, akavuta kiti, akamtazama ndugu yangu usoni. "Unafikiria kuua mtu?"

Niliruka. "We sista! Mtu haulizwi hivyo! Utamtia maneno kichwani!"

"Maneno ameshakuwa nayo, mama," akasema. "Mimi namsaidia kuyatua."

Na kweli ndugu yangu aliyatua. Alijibu kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. Sista akauliza ni nani, kwa sababu gani, kwa kutumia nini, lini. Hakushtuka wala hakukemea, aliandika tu. Mwisho akauliza, "Na kuna kitu kinachokuzuia?" Ndugu yangu akanionyesha kwa kidole. Kisha akasema, "Dada. Nikimuua, dada atabaki peke yake." Nikaficha uso katika buibui nikalia. Nilikuwa sijui kwamba ni mimi tu niliyesimama katikati ya jirani yetu na kifo chake.

Walimlaza wiki tatu. Alipotoka sauti ya mashine ilikuwa imepungua, haijaisha. Sista alinikalisha chini akaniambia wagonjwa wengi wa aina hii hawamdhuru mtu yeyote, watu huwasingizia bure. Lakini huyu amesema, na amemtaja mtu na kisu na saa, na jambo kama hilo halipuuzwi. Kwa hivyo dawa ameze mbele ya macho yangu. Kila wiki arudi kuzungumza naye. Visu vitoke nyumbani vyote. Na jirani aambiwe.

"Naweza kumwambia mimi," sista akasema, "au utamwambia wewe, kwa kuwa mnajuana. Lakini lazima ajue, mama. Ni maisha yake."

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye nitakayemwambia."

Wiki iliyofuata akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alisemaje?"

"Alisema Mwenyezi Mungu atamponya."

Ona uongo huo ulivyokuwa na mikono na miguu! Sista akauandika kwenye faili. Nilimwona akiandika, na bado sikusema kitu.

Sitajitetea sana. Kwetu kuna kitu kinaitwa sitara. Waweza kulala na njaa, waweza kupigwa na mumeo, waweza kuwa na mgonjwa chumba cha ndani mwaka wa tatu, jirani asijue. Nimelelewa hivyo na mama yangu, na mama yangu alilelewa hivyo na mamake, na mara nyingi sitara imetuokoa. Lakini palikuwa na hofu pia, tena kubwa. Niliogopa jirani angekwenda polisi. Nilimwona ndugu yangu akiburutwa kwenye vichochoro hivi hivi alivyokulia, watu wamejaa madirishani. Kila nikienda dukani nikiwa nimejikaza kusema, nilirudi na nusu kilo ya bizari.

Visu, basi. Vitoke viende wapi? Binamu yangu wa Kisauni angeuliza, na akishauliza yeye, Kisauni nzima imeuliza. Shoga zangu je? Hao ndio kabisa. Katika Mombasa yote nilimjua mtu mmoja tu ambaye ukimwekea amana haulizi, hapapasi, hafungui. Alikuwa na kabati la chuma nyuma ya duka, humo mna hati za nyumba za watu, mna bangili za maharusi, mna barua za waliokwisha kufa. Nilifunga visu vyangu sita ndani ya leso kuukuu, pamoja na chuma cha mbuzi ya kukunia nazi nilichokikongoa, nikakaza kamba mara tatu.

"Bhai," nikamwambia, yaani ndugu kwa lugha yao, "nikuwekee amana yangu."

"Karibu, dada," akasema muuza viungo, akalipokea fungu kwa mikono miwili.

Naam. Nilichukua visu ambavyo ndugu yangu alitaka kumuulia mtu, nikampelekea mtu huyo huyo anitunzie. Na siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona nina akili kweli.

Miezi ile ilikuwa ya polepole. Sista alimpa ndugu yangu daftari. Kila mashine ikimtaja aandike saa ngapi, imesema nini, na yeye alikuwa akifanya nini. Karani ni karani: alipiga mistari kwa rula, akaweka tarehe. Siku moja sista alimtaka aende akasimame karibu na mashine nyingine, mbali na kwetu, asikilize. Tukaenda kwa msagaji wa karibu na Marikiti. Ndugu yangu akasimama mlangoni, kichwa ameinamisha, mimi nikila vumbi la mahindi.

"Yanitaja," akasema. Tukatembea kidogo. "Lakini dada, yule msagaji hanijui mimi."

"Hakujui hata kidogo."

"Basi labda mashine zote ndivyo zilivyo."

"Au masikio ndiyo yaliyo hivyo," nikasema. Mdomo wangu huu! Nikajua nimeharibu. Lakini alicheka, mara ya kwanza tangu kazi imkatike, na mimi nikamnunulia maji ya miwa pale pale.

Iliyonitesa mimi ilikuwa sheria nyingine. Sista alimwambia ile fikira ya kuua ikija asipigane nayo peke yake, asiifiche. Aiseme kwa sauti kwa mtu aliye karibu, papo hapo, kisha atoke atembee. Na mimi nikaambiwa nisimkemee, nisilie, nisiseme audhubillahi. Niseme, "Ahsante kwa kuniambia." Jamani! Ndugu yako asema nimefikiria tena kumchinja jirani, wewe useme ahsante! Siku ya kwanza nilikuwa napepeta mchele, nikauweka ungo chini. Nikasema. Kisha tukavaa viatu tukaenda, tukakikata kisiwa mpaka Liwatoni, wanaume wakikwangua mashua zao juani, tukasimama tukawatazama, tukarudi. Kila mara ilikuwa hivyo. Tukifika nyumbani fikira imekuwa ndogo, au imeondoka. Mwezi wa kwanza tulikwenda karibu kila siku. Mwezi wa nne nadhani mara tatu tu. Nilianza kuota mashavu.

Na kila wiki sista huuliza, "Jirani mnaendelea vizuri?" Nami husema, "Vizuri, alhamdulillahi."

Mwezi wa tano jirani alijaaliwa kwenda Umra. Hapa kwetu mtu akifunga safari ya Makka hujisafisha kwanza na watu. Hurudisha kila amana aliyowekewa, kwa maana hajui kama atarejea, na hupita akiomba radhi kwa kila aliyeishi naye, asije akasimama mbele ya Kaaba na haki ya mtu shingoni. Mambo hayo nayajua tangu utotoni. Nilisikia anasafiri, nikafurahi kwa ajili yake, hata nikafikiria nimpe chupa ya achari ya ndimu. Kichwa changu hakikufika hatua ya pili.

Siku chache kabla ya safari yake nilikuwa Marikiti na embe zangu. Nilirudi baada ya alasiri, kikapu kichwani, na nilipoingia kichochoro chetu nikawaona. Jirani amekaa kwenye baraza ya nyumba yetu, kofia ameivua, amepakata fungu la leso yangu kuukuu. Ndugu yangu amekaa baraza ya mkabala, mikono juu ya magoti, viganja wazi. Kati yao kichochoro, upana wa watu wawili. Watu wakipita katikati na kuwatolea salamu, nao wakiitikia, "Waalaykumu salamu."

"Dada," ndugu yangu akasema, "nimemwambia."

Kikapu nilikitua, ama kilinianguka, sikumbuki. Walinieleza wote wawili, huyu akianza yule akimalizia. Jirani alikuja kubisha hodi, ndugu yangu akafungua. Jirani akamkabidhi fungu akasema, "Amana ya dada yako hii, mimi nasafiri. Na wewe, kama nimekukosea kwa lolote, nakuomba radhi." Ndugu yangu akalishika fungu, na kupitia kitambaa vidole vyake vikakitambua kipini cha kisu cha embe.

"Nilisema moyoni, Mungu amemleta mwenyewe," akaniambia. Hakunificha. "Halafu nikakumbuka sheria. Niseme kwa mtu aliye karibu. Wewe hukuwepo, dada. Aliyekuwepo ni yeye tu. Basi nikamwambia yeye."

Akamwambia hivi, na jirani alithibitisha neno kwa neno: "Bhai, nimefikiria kukuua. Muda mrefu. Humu ndani ni visu. Vichukue, ukakae barazani penye watu. Mimi nitakaa upande wa pili mpaka dada arudi." Jirani akalipokea fungu, akabaki amesimama. Ndugu yangu akamwelekeza. "Sasa wewe wasema, ahsante kwa kuniambia." Na yule mzee wa watu, meno yakimgongana, akasema, "Ahsante kwa kuniambia."

Wakakaa karibu saa nzima wakinisubiri mimi.

Nilianza kama nijuavyo kuanza. "Bhai, mgonjwa huyu, maneno ya mgonjwa hayatiwi moyoni..." Aliinua mkono nikanyamaza.

"Wewe ulijua tangu lini?"

Nilimwambia. Akainama akitazama fungu, akakumbuka kitu, nikamwona anakumbuka. "Ulinipa nikutunzie," akasema. "Na kila Jumatatu umesimama mbele yangu ukanunua bizari." Aliliweka fungu juu ya baraza taratibu, akavaa kofia, akaenda kufunga duka. Sikuwahi kuliona duka lile limefungwa saa ile.

Kesho yake nilikwenda kwa sista nikamwambia kila kitu, na safari hii sikumficha hata mkia. Nilitaraji anitukane, ningepata nafuu. Aliweka kalamu chini. "Mama, ulinidanganya, na mimi sikuhakikisha," akasema. "Tumemwacha mtu miezi mitano bila kujua. Bahati yetu sote ni ndugu yako." Kisha akamwita ndani, akampa mkono, akamwambia amefanya jambo ambalo watu wazima wenye akili zao wangeshindwa. Ndugu yangu akatabasamu kwa haya. Mimi nilitazama sakafu, maana nilijua maneno hayo yalinilenga na mimi. Visu vikaenda Kisauni kwa binamu. Akauliza. Nikamjibu ukweli, na Kisauni nzima ikajua, na kichwa changu bado kiko juu ya mabega.

Siku ya safari jirani alipita mlango kwa mlango na binti zake wawili, tuktuk ikimngoja mwanzo wa mtaa. Ndugu yangu ndiye aliyembebea sanduku. Hakuna aliyemtuma, alikwenda mwenyewe akasema, "Lete, bhai," na jirani akampa. Kila mlango ulikuwa maneno yale yale, nisameheni, tumekusamehe, nawe tusamehe, utuombee. Alipofika kwangu, majirani wamejaa, alisimama mbali kidogo kwa heshima, akasema kama alivyowaambia wote, "Dada, nikiwa nimekukosea, nisamehe."

Na ulimi wangu uliozoea ukajibu wenyewe, "Nimekusamehe."

Loo! Mimi! Kumsamehe yeye! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Watu walikuwa wameanza kusogea kuelekea kwenye tuktuk. Nikamfuata, nikateremsha sauti. "Bhai, mwenye kosa ni mimi. Nisamehe kabla hujaondoka."

Alimtazama ndugu yangu aliyekuwa akilipanga sanduku garini. Binti mmoja alikuwa akimwonyesha pa kuliweka, wakisaidiana.

"Yule nilimsamehe pale pale mlangoni kwako," akasema. Hakuwa na ukali wowote, aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Yeye alikuwa mgonjwa, dada. Wewe ulikuwa na nini?"

Akangoja. Binti zake walimwita kwamba wanachelewa, naye akaendelea kungoja, macho yake kwangu. Kisha akaenda zake.